Moyo unanienda mbio, hospitali wanasema sina kitu: je, tiba ya mtandaoni itanisaidia?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 29. Miezi mitano iliyopita nikiwa ndani ya basi, moyo ulianza kwenda mbio ghafla, mikono ikafa ganzi, pumzi zikanibana, nikajua nakufa. Nilikimbizwa hospitali, nikapimwa moyo na damu, nikaambiwa sina ugonjwa, ni wasiwasi tu. Tangu hapo imenirudia mara nyingi. Sasa sipandi basi bila mume wangu, na kazini naomba ruhusa kila mara. Ninapoishi hakuna mwanasaikolojia, na hata angekuwepo ningeona aibu kuonekana naingia kwake. Naona matangazo ya tiba kwa simu na video. Inasaidia kweli, au ni kula hela za watu? Nitamjuaje mtaalamu wa kweli? Na mume wangu, anayedhani ninadeka, nimwambie nini?

Jibu: Dada yangu, pole sana. Naomba nianze na neno dogo ulilorudi nalo kutoka hospitali: "tu". Ni wasiwasi tu. Daktari aliyekupima alifanya kazi yake, alitafuta ugonjwa wa moyo hakuuona, na hiyo ni habari njema. Lakini hilo "tu" lingebaki mdomoni. Aliyekosa pumzi katikati ya abiria akaamini ndiyo mwisho wake, hakupatwa na kitu cha kuambiwa "tu". Kilichokupata kinaitwa shambulio la hofu. Mashambulio yakijirudia, na mtu akaanza kuishi kwa kuliogopa la kesho na kupanga safari zake kwa kulikwepa, huo ni ugonjwa unaotambulika, na una tiba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani waliishi na magonjwa ya wasiwasi, na kwamba kati ya wanaohitaji matibabu, ni kama mmoja katika wanne anayeyapata. Kwa hiyo hauko peke yako, wala hukuchelewa.

Tiba ya mtandaoni inasaidia, hasa kwa tatizo kama lako. Ila ina sharti ambalo matangazo hayalisemi: tiba isibaki ndani ya simu. Ukipata mtu wa kukusikiliza kila wiki, ukalia, ukapata nafuu ya siku mbili, na basi bado hupandi, umepata faraja, na faraja ni kitu kizuri, lakini hujatibiwa.

Ili uelewe kwa nini nasema hivyo, tazama kinachotokea mwilini. Mwili una kengele yake ya hatari. Ikilia, homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unapiga kwa nguvu, misuli inakaza, pumzi zinaongeza kasi. Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Marekani aliyaeleza haya zaidi ya miaka 100 iliyopita: ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti, hukimbii wala hupigani. Ukipumua haraka hivyo huku umetulia, hewa ya kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu kuliko inavyotakiwa. Hapo ndipo ganzi ya vidole inapotoka, na kizunguzungu, na ile hali ya kuhisi hewa haitoshi wakati oksijeni unayo ya kutosha. Halafu akili inasoma dalili hizo na kutoa hukumu: moyo unasimama, nakufa. Hukumu hiyo inaipiga kengele upya, dalili zinaongezeka, akili inazidi kuamini. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alikieleza kitanzi hiki, na matibabu mengi mazuri ya mashambulio ya hofu yamejengwa juu yake.

Shambulio hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha hushuka lenyewe. Hushuka hata usipofanya lolote, kwa sababu mwili hauwezi kuipiga kengele kwa nguvu ile bila kikomo. Sasa fikiria umeshuka kwenye basi shambulio likiwa kileleni. Hofu inapungua, na ubongo unaandika: "Nimepona kwa sababu nimeshuka." Kumbe ungepona hata ungebaki kitini. Kesho yake ubongo unakukumbusha kushuka mapema zaidi, keshokutwa unakukataza kupanda. Kila kukwepa kunakulipa nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoulisha ugonjwa. Mume wako anayekusindikiza kwa mapenzi yote, naye bila kujua ameingia humo humo.

Ndiyo maana tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa tatizo lako, yaani tiba ya fikra na tabia, haiishii kwenye maongezi. Sehemu yake moja ilianza miaka ya 1960 na daktari Aaron Beck wa Marekani, aliyewafundisha wagonjwa kuzihoji fikra zao badala ya kuzipokea kama habari ya kweli. Sehemu nyingine, ya kumrudisha mtu hatua kwa hatua kwenye kile anachokiogopa, inamdai mengi Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyeandika juu yake mwaka 1958. Wahenga wetu waliposema dawa ya moto ni moto hawakuwa na kliniki, lakini walikuwa wameliona jambo hili.

Nikupe mfano. Nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha mhusika. Nilimtibu kijana mmoja kwa video mwanzo hadi mwisho, aliyekuwa haingii kwenye lifti na ofisi yake iko juu. Kikao cha tatu nilimwomba tupumue kwa mdomo haraka haraka, mimi na yeye, kwa dakika moja. Alikuwa amekwishapimwa moyo na mapafu, hana pumu wala kifafa. Bila hivyo nisingemwomba, na wewe usilijaribu peke yako. Ilipokaribia sekunde ya 40 nikamwona anatazama vidole vyake. Dakika ilipokwisha akausogeza mkono kwenye kamera, vidole vimejikunja kidogo, vinatetemeka. "Ni hii hii," akasema. "Ndiyo hii hii ya kwenye lifti." Nikamuuliza leo imetoka wapi, maana hapo chumbani hakuna lifti. Alikaa kimya kitambo. "Nimeitengeneza mwenyewe, kwa pumzi."

Wiki mbili baadaye alipanda lifti simu ikiwa mkononi, mimi sikioni mwake. Mlango ulipojifunga mtandao ukakatika. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba ukikatika, aendelee hadi ghorofa ya nne. Nilibaki nikiitazama sura yake iliyoganda kwenye skrini, nisijue kinachoendelea. Alipopiga tena alikuwa analia, na katikati ya kilio akaniambia amepanda na kushuka mara mbili. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri nguvu ya tiba ya mtandaoni. Ofisini kwangu nisingeweza kuwa naye ndani ya lifti ile, saa ile. Na kukatika kwa mtandao kulimpa alichokuwa anakihitaji: ushahidi kwamba aliweza bila mimi.

Kwako itakuwa basi. Mtaalamu mzuri atajenga nawe ngazi. Labda kusimama kituoni bila kupanda. Kisha kituo kimoja na mume wako. Kisha mume akae siti ya nyuma usikomuona. Kisha yeye akusubiri unakoshukia. Kisha peke yako, vituo vichache, halafu vingi. Kila hatua inarudiwa hadi ubongo uandike upya kile ulichokiandika vibaya. Atakuuliza pia juu ya magongo madogo unayotembea nayo: chupa ya maji usiyoweza kuiacha, namba ya mume iliyo tayari kubonyezwa, kiti cha karibu na mlango. Nayo yataondoka moja moja. Kazi hii huchukua vikao 8 hadi 16 hivi, kikao kimoja kwa wiki cha kama dakika 50, ingawa kuna wanaohitaji zaidi.

Kuhusu swali lako kama haya yanafanya kazi kupitia skrini, utafiti upo wa miaka mingi. Sweden walianza kuyajaribu matibabu ya wasiwasi kwa intaneti tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na mjini Stockholm kliniki ya umma inatibu hivyo tangu mwaka 2007. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, shirika la kimataifa la watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 38 zenye washiriki 3,214 juu ya tiba ya fikra na tabia kwa intaneti yenye mtaalamu anayemfuatilia mgonjwa. Waliotibiwa walipata nafuu kuliko waliobaki wakisubiri, na matokeo hayakuonekana kutofautiana sana na ya kukutana ana kwa ana. Shika maneno haya: yenye mtaalamu anayemfuatilia mgonjwa. Programu za kujisomea peke yako zinasaidia baadhi ya watu, lakini wengi huziacha njiani. Mtu wa kukuuliza "umepanda?" ana kazi yake.

Simu yenyewe nayo inaweza kugeuka mahali pa kujificha, na hili nimeliona mara nyingi. Ukizima kamera kila kikao kwa kuogopa kutazamwa, umeanza kukwepa ndani ya tiba yenyewe. Zile huduma za kutuma ujumbe saa yoyote zina mtego wao pia. Moyo ukidunda unaandika, unajibiwa "tulia, huna tatizo", unapoa. Mara ya kumi huwezi kupoa bila kujibiwa. Vivyo hivyo na programu za akili bandia za kuzungumza nazo: zinaweza kukueleza maana ya neno au kukusaidia kupanga mawazo, lakini hazikujui, hazina leseni ya kunyang'anywa zikikosea, na zina tabia ya kukufariji kila unapoomba kufarijiwa. Kwa ugonjwa unaolishwa na faraja ya papo hapo, hilo linaniogopesha.

Sasa, utamjuaje mtaalamu wa kweli? Anza na jina kamili, kiwango cha elimu na namba ya usajili. Usiridhike na picha ya cheti. Nchi nyingi zina baraza au bodi inayosajili wanasaikolojia au wataalamu wa afya, na mara nyingi orodha yao hutazamwa mtandaoni au huulizwa kwa simu. Hakikisha pia anaruhusiwa kumtibu mtu aliyeko nchini mwako, maana leseni ya ng'ambo haivuki mpaka moja kwa moja. Ambaye anakwepa maswali haya au anakasirika, mwache. Kisha muulize: "Mashambulio ya hofu unayatibu kwa njia gani, na tutajuaje kama ninapona?" Unataka kusikia juu ya tiba ya fikra na tabia, juu ya kuikabili hofu hatua kwa hatua, juu ya kazi za kufanya kati ya kikao na kikao. Akikuambia "tutaongea tu, utajisikia vizuri", hilo ni "tu" jingine la kuliogopa. Anayekuahidi kukuponya kwa kikao kimoja, au anayetaka ulipe vikao 20 mapema kabla hajakusikiliza, ana shida na fedha yako kuliko na hofu yako.

Kikao cha kwanza kina mengi ya kukuonyesha. Mtaalamu makini atakuuliza uko wapi kwa wakati huo na nani apigiwe likitokea la dharura, kwa sababu hawezi kukufikia kwa mkono. Atakuuliza kama umewahi kufikiria kujiua. Swali hilo lisikutishe. Asiyeliuliza ndiye wa kutiliwa shaka. Huenda atakupa dodoso. Moja linalotumika sana linaitwa GAD-7, lililotolewa mwaka 2006, lenye maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita na alama 0 hadi 21. Kuanzia 10 huhesabiwa kuwa wasiwasi wa kufanyiwa uchunguzi zaidi. Alama hizo peke yake si jibu la ugonjwa, na zinapima wasiwasi kwa ujumla, ndiyo maana kwako ataongeza hesabu ya mashambulio kwa wiki na mara ulizopanda basi. La msingi ni kwamba apime mwanzoni na arudie kupima. Ukifika kikao cha sita hakuna kilichosogea, una haki ya kusema, na yeye ana wajibu wa kubadili njia au kukupeleka kwa mwingine.

Siri zako nazo zina thamani. Mwaka 2020 nchini Ufini wezi wa mtandaoni walizitumia kumbukumbu walizoiba kwenye kampuni moja ya tiba ya kisaikolojia kuwatisha wagonjwa mmoja mmoja wakidai fedha, na waathirika walikuwa maelfu kwa maelfu. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliiamuru kampuni kubwa ya tiba ya mtandaoni ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwapa watangazaji taarifa za wateja ilizokuwa imeahidi kuzitunza. Sisemi hivi ili uogope ukaacha. Muulize mtaalamu anaandika nini, anakihifadhi wapi, nani mwingine anakisoma, na kama vikao vinarekodiwa. Kwenye fomu za kujisajili usijaze kisicholazimika. Weka nenosiri ambalo hulitumii kwingine, na usitumie simu au barua pepe ya ofisini.

Kwa vifaa huhitaji mengi: simu inayotunza chaji, bando la kutosha, spika za masikioni ili maneno yake yasisikike, na mlango unaofungika. Nina wanaokaa ndani ya gari lililoegeshwa, na mmoja hukaa bafuni maji yakichuruzika ili sauti yake isitoke. Mtandao ukiwa dhaifu, sauti peke yake inatosha kuliko video inayogandaganda. Kubalianeni mapema nani anampigia nani mawasiliano yakikatika.

Kuna hali ambazo siwezi kumwambia mtu ategemee skrini. Ukifikia kuwaza kujiua, au ukaanza kusikia sauti wasizozisikia wengine, nenda hospitali iliyo karibu, siku hiyo hiyo, na mtu wa kukusindikiza. Anayepigwa nyumbani na hana pa kuongelea bila kusikilizwa anahitaji usalama kwanza. Anayetuliza hofu kwa pombe kila siku asiikate ghafla bila daktari, kwa sababu kuikata hivyo kunaweza kuhatarisha maisha. Na kama katika vipimo vyako hawakuangalia tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, wala wingi wa damu, rudi uvipate. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi na upungufu wa damu vyote huukimbiza moyo. Kafeini pia, na baadhi ya dawa za pumu. Wewe mwenyewe hujasema kama unazitumia.

Dawa za wasiwasi zipo na zinawasaidia wengi, wakati mwingine pamoja na tiba ya kuongea. Zinazopendekezwa kwanza ni za kundi la SSRI, ambazo hutumika pia kutibu sonona, zinazochukua wiki kadhaa kabla hujauona msaada wake, na huandikwa na daktari. Zile za kutuliza haraka za kundi la benzodiazepini mwili huzizoea. Anayekutumia vidonge kwa ujumbe bila kukuchunguza, mkimbie.

Umesema unaona aibu. Sikulaumu, na ukianzia nyumbani kwako mahali asipokuona mtu, ni sawa kabisa. Ninachoomba ni usisubiri aibu iishe ndipo uandike. Ujumbe wa kwanza hauhitaji ufasaha: "Nina miaka 29. Kwa miezi mitano napata hofu kali ya ghafla, moyo unakwenda mbio, nimepimwa moyo uko salama. Nimeacha kupanda basi peke yangu. Nataka tiba ya fikra na tabia kwa video. Je, unatibu hali hii, na umesajiliwa wapi?" Mtumie hata leo, na utume kwa wawili watatu ili uwe na wa kulinganisha.

Mume wako. Anayesema unadeka mara nyingi ni mtu anayeogopa na hajui afanye nini. Msomee aya niliyoeleza jinsi kengele ya mwili inavyolia, au mwalike kwenye kikao kimoja. Nami huwaalika wenzi wa wagonjwa wangu wanapokubali. Mwambie huhitaji akubembeleze wala akukaripie. Shambulio likija mkiwa ndani ya basi, asiseme "haya tushuke", na asiseme "acha mambo yako". Akushike mkono mkitaka, akuulize hofu iko ngapi kati ya kumi, anyamaze, akuulize tena baada ya dakika mbili. Itakuwa tisa, itakuwa tisa tena, kisha saba. Mkifika tano bado mpo kwenye viti vyenu, na basi linaendelea kwenda.